Mama alikuwa na insulini nyingi, ya nini kumchoma nyingine?

SWALI

Habari za kazi, Mshauri.

Mama yetu ana miaka 62, tunaishi naye hapa Tanga. Ana kisukari aina ya pili mwaka wa saba sasa. Anatumia metformini miligramu 500 asubuhi na jioni, glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni, na atenololi ya presha.

Miaka mitano iliyopita alipimwa insulini kwenye damu, majibu yakasema iko juu kuliko kawaida. Tulifurahi, tukajua kongosho lake lina nguvu. Lakini sukari imekuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. Mwezi uliopita ya asubuhi kabla hajala ilikuwa 13.4 (milimoli kwa lita), na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ikatoka asilimia 10.2. Daktari ameandika insulini ya NPH, ile ya kufanya kazi polepole, uniti 10 kila usiku.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Kaka anauliza, kama insulini alikuwa nayo nyingi, ya nini kumwongezea nyingine? Mama mdogo anasema sindano ni hatua ya mwisho, ukishaanza huachi, bora aache dawa zote anywe unga wa mlonge. Na mama mwenyewe anashangaa: anakula saa moja jioni, usiku kucha hatii kitu mdomoni, hiyo sukari ya alfajiri inatoka wapi?

Jambo jingine. Wiki tatu zilizopita alimeza dawa za jioni akalala bila kula, alikuwa anasikia tumbo limejaa. Saa nane usiku tukamkuta amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Hakuwa anatetemeka, tukadhani ni malaria imempanda kichwani. Jirani mwenye mashine akampima: 2.6. Tukampa chai yenye sukari nyingi, akarudi. Sasa tunaogopa. Ikiwa vidonge vilimfikisha hapo, sindano je?

Friji hatuna. Na goti lake la kulia linamsumbua, mara ya mwisho alipochomwa sindano ya goti sukari ilifika 19 kwa siku kadhaa. Kuna uhusiano?

Binti wa Tanga

JIBU

Pole kwa uuguzi, Binti wa Tanga, na mfikishie mama salamu zetu. Swali la kaka yako ndilo la kuanza nalo. Akilielewa jibu lake, hayo mengine yatamnyookea mwenyewe.

Insulini ni ujumbe. Wengi hudhani inabeba sukari au inaiyeyusha, lakini haifanyi lolote kati ya hayo. Ni protini ndogo ya amino asidi 51, inatoka kwenye kongosho, inasafiri kwenye damu, inagusa seli kwa nje na kuiarifu kwamba sukari imefika. Kazi yenyewe hufanywa na seli, kwa ndani, na ndani humo ndimo kisukari cha mama kilimoanzia.

Tuufuate ujumbe mmoja mpaka mwisho kwenye seli ya msuli wa paja. Kwenye utando wa seli kuna kipokezi, protini yenye sehemu mbili zilizoko nje na mbili zinazopenya mpaka ndani. Insulini ikikaa kwenye sehemu za nje, zile za ndani zinakaribiana na kupachikana fosfeti, vipande vidogo vya kemikali, kama makarani wawili wanaogongeana mihuri. Mihuri hiyo inaita protini iitwayo IRS, nayo inagongwa muhuri wake. IRS ikishagongwa inaamsha kimeng'enya PI3K, hicho kinaamsha kingine kiitwacho Akt, na Akt inaondoa breki iliyokuwa imevizuia vifuko vidogo vilivyomo ndani ya seli. Vifuko hivyo vimebeba milango ya sukari, jina lake GLUT4. Vinapanda juu, vinaungana na utando, milango inajitokeza na glukosi inaingia. Shughuli yote hiyo ni ya dakika chache. Insulini ikipungua kwenye damu, milango inarudishwa ndani.

Kwa mama, kipokezi kinaipata insulini vizuri. Mihuri ya ndani ndiyo iliyovurugika. Mafuta yakijazana ndani ya seli za msuli na za ini, yanaamsha vimeng'enya vinavyoigonga IRS muhuri mahali pasipostahili, na IRS iliyogongwa hivyo haiupokei tena ule muhuri halali. Mafuta ya kitambi nayo huongeza kemikali zilezile ambazo mwili huzitoa ukiwa na maambukizi, mojawapo TNF-alfa, zinazoharibu hatua hiyohiyo. Na seli iliyozungukwa na insulini nyingi kwa miaka humeza baadhi ya vipokezi vyake, vikapungua juu ya utando. Ujumbe unafika, mlango haufunguki.

Kongosho likiona sukari haishuki linapaza sauti, linatoa insulini mara mbili, mara tatu. Ile insulini nyingi iliyoonekana miaka mitano iliyopita ilikuwa ni kongosho linapiga kelele mbele ya seli zisizosikia. Mliifurahia, na siwalaumu, maana aliyewapa majibu angepaswa kuwaeleza. Ila kelele za namna hiyo huchosha. Seli beta zinazotengeneza insulini zinaelemewa na kazi, na sukari nyingi yenyewe pamoja na mafuta vinazidhuru, mpaka uzalishaji unashuka. HbA1c ya 10.2 kwa mtu anayemeza dawa mbili inaonyesha kwamba kongosho la mama haliwezi tena kufidia. Kwa hiyo kaka yako hakukosea kuhusu wakati ule, ila majibu aliyoyashika ni ya kongosho la miaka mitano nyuma. Akitaka kuona hali ya leo kuna kipimo cha C-peptaidi, kipande kinachokatwa kila kongosho linapotengeneza insulini, kimoja kwa kimoja. Faida yake ni kwamba hata mtu akishaanza sindano bado kinaonyesha insulini yake mwenyewe, kwa kuwa insulini ya chupa haina kipande hicho. Lakini si sharti la kuanza tiba. Msisubiri pesa yake.

Sasa sukari ya alfajiri. Inatoka kwenye ini. Ini huweka akiba ya glukosi kwa jina la glaikojeni, na linaweza pia kutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu vingine. Usiku, kongosho hutuma homoni nyingine, glukagoni, inayoliambia ini litoe sukari ili ubongo usikose. Insulini ndiyo inayoliambia ini lipunguze. Ini la mama haliusikii vizuri ujumbe wa kupunguza, basi linamwaga sukari usiku kucha kana kwamba ana njaa. Ikikaribia alfajiri, kortisoli (homoni ya msongo) na homoni ya ukuaji hupanda kwa kila binadamu na kuongeza msukumo uleule. Ndiyo sababu mtu analala na 10 anaamka na 13 bila kula kitu, na ndiyo sababu daktari amechagua usiku. NPH ikichomwa saa nne usiku hufikia nguvu yake kamili baada ya masaa 4 hadi 10, yaani kuanzia saa nane usiku mpaka saa mbili asubuhi, muda uleule ini linapomwaga.

Metformini nayo hufanya kazi zaidi kwenye ini hilohilo. Aendelee nayo. Tena miligramu 1,000 kwa siku ni dozi ya kati tu, wengi hufika 2,000 taratibu, pamoja na chakula ili tumbo lisichafuke. Daktari ataamua baada ya kuona kipimo cha kreatinini cha figo, ambacho mama anapaswa kufanya angalau mara moja kwa mwaka. Figo zikishuka sana metformini husimamishwa.

Usiku ule wa jasho unahitaji maelezo marefu kidogo, maana mlikaribia kumpoteza.

Seli beta hujuaje kwamba sukari imepanda? Glukosi inaingia ndani yake, inachomwa kuwa nishati iitwayo ATP, ATP inafunga mlango wa potasiamu kwenye utando, chaji ya umeme ya utando inabadilika, kalsiamu inaingia, na kalsiamu ndiyo inayovisukuma vifuko vya insulini vimwage nje. Utaratibu wa ajabu, maana sukari yenyewe ndiyo inayotoa amri. Glibenklamidi inakwenda moja kwa moja kwenye ule mlango wa potasiamu na kuufunga, sukari iwepo isiwepo. Mama alimeza kidonge, hakula, kongosho likaendelea kumwaga insulini usiku kwenye damu isiyo na kitu. Hiyo dawa hudumu mwilini hadi siku nzima, na figo zikichoka hukaa zaidi. Sheria yake ni fupi: hakuna chakula, hakuna glibenklamidi.

Kwa nini hakutetemeka? Sukari ikishuka, mwili hutuma adrenalini, nayo hugonga vipokezi viitwavyo beta (si zile seli beta za kongosho) kwenye moyo na misuli, ndipo mtu anatetemeka na moyo unamwenda mbio. Atenololi anayotumia ya presha inavikalia vipokezi hivyo, hivyo kengele hiyo kwa mama hailii vizuri. Jasho halizuiliki kwa sababu tezi za jasho hupokea ujumbe mwingine kabisa, asetilikolini. Kwa mama yenu, basi, jasho la ghafla lisilo na sababu ni kengele, na maneno yasiyoeleweka ni dalili kwamba ubongo umeshakosa sukari. Mpimeni kwanza, malaria baadaye. Asiache atenololi kwa ghafla, hiyo ni hatari kwa moyo, lakini mwambieni daktari kilichotokea, anaweza kumbadilishia.

Ikisoma chini ya 4 na anaweza kumeza: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida nusu ya chupa ya mililita 300. Hiyo ni kama gramu 15. Subirini dakika 15, pimeni tena, kama bado iko chini rudieni. Ikipanda apewe chakula chenye wanga, kwa mfano kipande cha mkate au muhogo. Chokoleti na maziwa havifai kuanza navyo, mafuta huchelewesha sukari kuingia. Akiwa hajitambui msimmiminie chochote mdomoni, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Na kama chanzo ni glibenklamidi apelekwe hospitali hata akizinduka, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena baada ya masaa kadhaa. Siku ile chai ilitosha, tumshukuru Mungu.

Ndiyo maana kabla ya sindano ya kwanza mumuulize daktari: glibenklamidi tunaifanyaje? Kuichanganya na insulini ya usiku huongeza hatari ya kushuka, hasa ile dozi ya jioni. Madaktari wengi huipunguza au kuiondoa. Msiamue wenyewe, na msianze sindano kabla swali hili halijajibiwa.

Tuje kwenye sindano. Kosa linaloua ni bomba. Insulini nyingi sokoni ni ya uniti 100 kwa kila mililita moja, kwa hiyo uniti 10 ni sehemu ya kumi ya mililita, tone nene tu. Mtu akichukua bomba la kawaida la mililita 2 akavuta mpaka alama ya 1, amevuta uniti 100, mara kumi ya dozi. Tumieni bomba la insulini peke yake, lililoandikwa U-100. Lile la nusu mililita lina alama mpaka 50 na kila mstari ni uniti moja. Lile la mililita moja lina alama mpaka 100 na mara nyingi kila mstari ni uniti mbili, kwa hiyo kumi ni mstari wa tano. Mwenye macho mabovu asivute mwenyewe.

NPH ina rangi ya maziwa na hutuama chini. Izungusheni chupa polepole kati ya viganja mara kumi, kisha ipinduliwe juu chini mara kumi. Isitikiswe. Ikibaki na chembechembe au utando kama ukungu kwenye kioo, imeharibika, tupeni. Vuteni hewa uniti 10, ingizeni kwenye chupa, pindueni, vuteni dawa uniti 10, gongeni bomba kwa kidole mapovu yapande, yasukumeni nje. Chomeni tumboni, vidole viwili au zaidi mbali na kitovu, kwenye mkunjo wa ngozi ulioshikwa kwa vidole viwili. Sukumeni taratibu, hesabuni mpaka kumi, ndipo mchomoe. Kila siku sogezeni mahali pa kuchoma kama upana wa vidole viwili. Wanaochoma palepale huota kinundu cha mafuta, na dawa iliyochomwa kwenye kinundu huingia kwenye damu ovyo, leo kidogo, kesho yote.

Uniti 10 ni dozi ya kuanzia tu, msikate tamaa sukari isiposhuka wiki ya kwanza. Utaratibu unaotumika sana ni kupima kila asubuhi kabla ya kula, na kama siku tatu mfululizo iko juu ya lengo, kuongeza uniti 2. Lengo la kawaida ni 4.4 hadi 7.2. Kwa mama mwenye miaka 62 aliyekwisha kushuka mpaka 2.6 daktari anaweza kulegeza kidogo. Ikisoma chini ya 4 hata mara moja, dozi inapunguzwa na daktari anaarifiwa. Wiki ya kwanza mpimeni pia saa tisa usiku, mara mbili inatosha. Stripu, vile vijikaratasi vya mashine ya kupimia, ni ghali, tunajua, lakini hizo mbili msizibanie.

Kuhusu friji. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo nunueni moja moja na muiache dukani kwenye friji mpaka siku ya kuihitaji. Ikishafunguliwa inavumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 hadi 30 kwa wiki nne hivi, someni karatasi yake. Andikeni tarehe ya kufungua juu ya chupa. Mtaona jambo moja la kuudhi: chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000, na mama kwa mwezi atatumia uniti 280 hivi. Iliyobaki itupwe, msiivute mpaka mwezi wa tatu. Mkiweza kupata kalamu ya uniti 300 hasara ni ndogo.

Kwa joto la Tanga tumieni vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Chupa ikae kwenye kikombe kikavu ndani ya chungu kidogo, isiguse maji. Baridi ya chungu inatokana na maji kukauka, na pwani hewa ina unyevu, hivyo wekeni vyungu penye kivuli na upepo, si kwenye kona ya chumba. Wekeni na kipimajoto kidogo humo. Barafu isiguse chupa, insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Mama mdogo naye ajibiwe kwa heshima, kwa sababu hofu yake ina chanzo. Wengi huanzishwa sindano wakiwa wamechelewa, figo na macho yameshaharibika, wakifariki sindano ndiyo inalaumiwa. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Leonard Thompson wa Toronto, alikuwa na miaka 14 Januari 1922, wakati ambapo kisukari cha watoto kiliua kwa muda mfupi tu. Aliishi miaka mingine 13. Kwa aina ya pili, sukari ikitulizwa kongosho hupata nafuu kiasi, na wapo wanaopunguziwa dozi au kuachishwa kabisa. Si wote, na kwa mama sitaahidi. Mlonge apikiwe kama mboga, hauna ubaya. Kuacha dawa zote akiwa na 13 ni kumwachia ini na kongosho vita isiyo na msaada.

Kuna njia moja ya kufungua GLUT4 isiyohitaji insulini hata kidogo, nayo naisisitiza kuliko chakula ambacho najua mmeshahubiriwa. Msuli unapojikunja, nishati yake inapungua na kimeng'enya AMPK kinaamka, nacho pamoja na kalsiamu ya mkunjo wenyewe hupandisha ile milango kwa njia ya pembeni, bila kupita kwenye IRS iliyovurugika. Yaani ule uharibifu wote nilioueleza juu unarukwa. Dakika 15 za kutembea baada ya kila mlo zinatosha kuonekana kwenye mashine. Goti likikataa, akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele ahesabu kumi, aushushe, abadilishe, mara 15 kila mguu. Kisha asimame na kukaa mara kumi kwa kushika meza. Paja ndilo lenye msuli mkubwa, ndilo linalomeza sukari nyingi.

Na goti lenyewe, ndiyo, kuna uhusiano. Sindano za goti kwa kawaida ni steroidi, ndugu wa kortisoli. Dawa hiyo hupenya kutoka kwenye goti hadi kwenye damu, ikaliambia ini litoe sukari na kuzidi kuziba masikio ya seli kwa insulini. Kupanda kwa siku kadhaa hadi wiki moja au zaidi ni jambo la kutarajiwa. Asichomwe tena kabla HbA1c haijashuka, na daktari wa goti aambiwe kuhusu kisukari kabla hajavuta dawa. Ikibidi achomwe, mpimeni mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Sukari ikivuka 15 huku anatapika, ana kiu isiyokatika au amelegea na kusinzia, msingoje asubuhi.